Kanisa Tulilolivika

Uso wa malaika wa jiwe ulimbandukia baba mkononi, mzima, pua na mashavu na jicho moja, ukiwa bado na rangi yake nyeupe kwa mbele. Nyuma ulikuwa unga. Baba aliushika kwa viganja viwili, akatazama ukutani pale ulipokuwa, akanitazama mimi, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: alijaribu kuurudisha.

Mwanamke wa Kiingereza aliyevaa kofia ngumu alimwambia, kwa upole, aache. Nikafungua kinywa nitafsiri, lakini neno lile moja baba alikuwa analijua.

Baba yangu, Israël, alikuwa fundi mwashi kule Bukavu. Ujana wake aliumalizia kwa padre mmoja wa Kibelgiji aliyetaka kanisa la milango iliyochongoka juu, kama ya kwao, na ambaye hakuwa na cha kumwonyesha fundi isipokuwa picha. Kwa picha hizo baba alijenga matao ya matofali yenye ncha, na nguzo za nje za kuegemeza kuta zisilale. Kanisa lilisimama mpaka vita vilipolikuta. Hatukuliona likianguka, maana tulikuwa tayari barabarani. Mama yangu, Sidonie, alifia kambini. Kanisa hapakuwa, jeneza hapakuwa. Alizungushiwa turubai akazikwa mvua ikinyesha, na tangu siku hiyo baba alibaki na ombi moja, ambalo, tulipofika London, alilirudia mpaka nikalichoka.

"Mama yako alitoka kwa turubai," alikuwa akisema. "Mimi mutanipitisha kwa mulango ya mawe. Ile ya ncha. Siombe kingine."

Mlango wenyewe alikuwa amekwisha kuuchagua. Kusanyiko letu la Tottenham lilikodi kanisa la enzi ya Malkia Viktoria ambalo wenyewe walikuwa wamewaachia njiwa. Siku ya kwanza baba aliingia, akainua kichwa, akazifuata kwa kidole mbavu za dari mpaka zinapokutana katikati, akalia mbele ya watu bila aibu yoyote.

"Hii njo mama ya ile yangu," akasema.

Nilikuja kujua baadaye kwamba halikuwa mama wa kanisa lolote. Waliolijenga nao walikuwa wakiiga makanisa ya mababu zao wa karne nyingi nyuma, kama padre alivyoiga, na kama baba alivyoiga. Nikamwambia, nikidhani nitampunguzia mbwembwe. Alicheka tu, akasema basi sisi wote ni ukoo mmoja.

Nilipokuwa na mapumziko kutoka kazi yangu ya kutunza wazee Edmonton, tulipanda basi kwenda katikati ya mji. Maduka hakuyataka. Alitaka Westminster, wanakotawazwa wafalme, asimame nje kwenye baridi akitazama yale matao yanayovuka hewani kwenda kushika ukuta. Kisha akataka ngome ya mto Thames, ile kongwe, nene, yenye matao ya duara ya zamani kabla mafundi wa huku hawajajua kuyachongoa. Huko ndiko tulikoliokota balaa. Mwongozaji mmoja aliwaambia watalii wake kwamba ngome inaitwa Mnara Mweupe kwa sababu mfalme wa kale aliamuru ipakwe chokaa, na mimi kwa kiherehere changu nikamtafsiria baba.

Akanikamata mkono. "Unasikia, Miradie? Mufalme alipaka! Sasa ile yetu, juu ya nini banaiacha uchi?"

Kwetu sikukuu kubwa haiingii kwenye nyumba isiyopakwa. Pasaka ikikaribia unatoa vitu uani, unakoroga chokaa, unapaka, na mwenye kuuacha ukuta wake ulivyo watu humdhania amefiwa. Kwa macho yetu, mawe yale yaliyoshika masizi yalikuwa aibu. Kwa hiyo Pastere Gires, mchungaji wetu, alipotangaza kwamba Pasaka ile tungepokea wageni kutoka Brussels, hakuna aliyewaza kuwauliza wenye jengo. Nani huomba ruhusa ya kumfulia mama yake nguo?

Baba alikwenda kutafuta chokaa dukani kwa Mohinder, Singasinga wa Kisumu anayeuza vifaa vya ujenzi.

"Chokaa, fundi? Wapi! Siku hizi nani anatumia hiyo?" Mohinder akamsukumia makopo kwa moyo mweupe kabisa. "Chukua simenti, chukua na hii rangi ya mafuta. Maji haipiti hapa, hata inyeshe mwaka mzima."

Akina mama walisugua kuta huku wakiimba, wanaume wakapanda ngazi. Baba aliziba kila ufa kwa simenti, akalainisha, akapaka. Malaika wawili wa mlangoni hakumwachia mtu. Aliwapaka mwenyewe kwa brashi ndogo, akizungushia macho taratibu. Jumapili ya Pasaka kanisa liling'aa, wageni wa Brussels wakapiga picha chini ya tao, na baba alisimama mlangoni na suti yake akiwapa watu mkono kama baba wa bibi harusi. Sikuwahi kumwona na furaha ile, na sikuja kuiona tena.

Baridi moja ikapita, ya pili ikaja. Rangi ikavimba malengelenge. Asubuhi moja bonge la jiwe likaanguka juu ya benchi ambalo, kwa bahati, halikuwa na mtu, na wenye jengo wakamleta yule mwanamke wa kofia ngumu. Alieleza polepole, mimi nikitafsiri sentensi moja baada ya nyingine huku nikitamani nisiijue ile lugha. Jiwe kuukuu hunywa maji na kuyapumua nje. Chokaa ya mfalme ililiachia pumzi. Simenti na mafuta vimeyafungia maji ndani, yakaganda kila baridi, yakalipasua jiwe kutoka tumboni. Kisha akauliza ni nani aliyefanya kazi ile.

Baba aliinua mkono kabla sijamaliza kutafsiri. Akamwendea malaika wa kushoto amwonyeshe mwanamke yule kwamba hapo, angalau hapo, kazi imeshika. Akamgusa malaika shavu.

Uso ule mwanamke aliutia katika mfuko wa plastiki, akauandika namba. Kanisa likazungushiwa uzio, kisha likabandikwa tangazo la kuuzwa. Baba akawa anakwenda kukaa kwenye kituo cha basi ng'ambo ya barabara, anaacha mabasi yapite.

"Bakishatengeneza, batatufungulia?" aliniuliza siku niliyomfuata.

"Hapana, papa. Watajenga nyumba za kupanga mle ndani."

Akaliacha basi jingine lipite. "Sasa mimi nitatokea wapi?"

Nilimshika mkono tukarudi nyumbani. Alikufa Novemba. Kusanyiko letu lilikuwa limekwisha kuhamia kwenye ghala moja Edmonton, jirani na mafundi wa matairi, na huko ndiko tulikompeleka. Ukuta ni bati, paa ni bati, na mlango ni wa kukunja, mpana na wa pembe nne, uliotengenezewa malori. Wakati Pastere Gires anasoma neno, paa likaanza kuvuja juu ya jeneza. Wakasogeza jeneza, likavuja na hapo. Watu wakahangaika, mtu akatoka kwa mafundi na turubai la bluu.

Gires akasita nalo mkononi. Alikuwa anaijua habari ya mama, nani hakuijua? Akanitazama.

Nje mvua ilikuwa inamwaga. Jeneza lilikuwa la mbao nzuri, tumelichangia wote, na lisingefaa kulowa. Nikashika pembe moja ya turubai, nikamsaidia kulitandika. Mtu akabonyeza kitufe, mlango ukapanda kwa kelele, tukamtoa.