Mlango wa Pipa la Matairi

Hivi, umewahi kumsugua mtu mgongo kwa maji ya moto na majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu, na akilala ubavuni mwako bado ananuka mpira ulioungua? Huko Wada, mji mdogo wa India, Sarubai alikuwa akifanya hivyo kila jioni, tangu mumewe apewe kazi ya kufungua mlango.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Chini ya banda la mabati kulikuwa na mapipa mawili ya chuma, kila moja kubwa kuliko kibanda walichokuwa wakilala. Matairi makuukuu yalisukumwa ndani mpaka pipa likashiba, mlango ukakazwa kwa bolti pande zote, kuni zikawashwa chini, pipa likaanza kuzunguka polepole kama jiwe la kusagia. Matairi hayakupata hewa ya kuwaka, basi yaliyeyuka tu. Mvuke wake ulipita kwenye mabomba yaliyolazwa majini, ukageuka mafuta meusi, mazito, yenye kunuka, na hayo ndiyo yaliyopelekwa kusafishwa yakauzwa kama dizeli. Tumboni mwa pipa yalibaki masizi laini kama unga, pamoja na nyaya. Masizi hayo ukiyafungulia hewa kabla hayajapoa, yanashika moto mara moja na kukurukia. Ndivyo alivyokufa Kalu, aliyekuwa akifungua mlango kabla ya mume wa Sarubai.

Basi Sarubai alikuwa na neno moja lililomkaa kifuani: acha kazi hii, twende zetu. Angelisemaje? Kwao mlimani shamba la mpunga la baba mkwe lilikwishachukuliwa na wenye nguvu. Hapa mtoto wao, Jani, alikuwa akila, ingawa akikohoa kitambaa kilitoka na weusi. Kila neno lilipopanda, Sarubai alilimeza pamoja na mkate wa ulezi na pilipili.

Hata jina la mumewe hakulitamka. Kwao mwanamke hamwiti mumewe jina, wakiwa na raha au wakigombana. Alikuwa baba Jani, basi.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa ya upepo, ikipiga kwa ubavu. Sarubai na mwenzake Hirabai walikaa pembeni, kisu mkononi, wakikata kuta za matairi.

"Mumeo leo kachana nywele," alisema Hirabai. "Kuna bibi harusi humu?"

"Nani atamtaka na harufu ile? Labda nyati, tena mwenye mafua."

Walicheka, lakini macho ya Sarubai hayakutoka kwa mumewe, aliyesimama mbele ya pipa lililozimwa moto. Msimamizi, Shinde, alikuja mbio na mwavuli wake.

"We Barkya! Lori limeleta matairi, liko getini. Unangoja pipa likupigie simu?"

"Bado, bwana. Halijapoa hili."

"Halijapoa! Unalibembeleza kama mkweo. Jaribu basi!"

Barkya alichota maji kwa kopo akayarusha mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yao wote pale: maji yakichachatika, unangoja, yakitiririka kimya, unafungua. Maji yalitiririka kimya.

"Limelala," alisema Barkya, akachukua spana.

Sarubai naye aliyaona maji yakishuka kimya, akashusha pumzi. Kisha akaona kitu kingine. Bati la upande ule lilikuwa limeng'olewa na upepo, na tangu alfajiri mvua ilikuwa ikiupiga mlango huo, ule ule peke yake. Alitazama nyuma ya pipa, palipokuwa pakavu. Tone moja lilidondoka kutoka darini, likagusa chuma, likaruka na kupotea kuwa mvuke. Mlango ulikuwa umepozwa na mvua. Tumbo bado lilikuwa moto.

"Baba Jani!"

Pipa la pili lilikuwa likinguruma. Hakusikia.

"Baba Jani! Acha!"

Mzee mmoja kwenye kuni aligeuka, akadhani kuna mtoto kaumia. Barkya alikuwa akizungusha spana, bolti zikidondoka moja baada ya nyingine. Sarubai alitupa kisu, akakimbia akijikwaa kwenye nyaya, na sauti ikamtoka asikojua:

"Barkya! Barkya!"

Banda zima likageuka. Barkya mwenyewe aliganda. Akaacha bolti ya mwisho ikining'inia, akageuza uso na kupiga hatua kumwelekea, mdomo wazi, kama mtu aliyemwona mkewe akipita sokoni bila nguo.

Ndipo mlango ukafunguka wenyewe. Moto ulitoka kama ulimi, ukamlamba bega na mkono, ukamwangusha kifudifudi. Masizi yakajaza banda mpaka mchana ukawa giza.

Walimwagia maji, Hirabai akilia na kutukana kwa pamoja. Ngozi ya mkono ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu. Uso ulikuwa mzima. Shinde alisimama mbali, mwavuli umegeuka mweusi.

"Ni mkono tu," alisema. "Mpakeni manjano, mpelekeni kwa daktari. Akirudi ataendelea. Nani mwingine anaujua mlango huu?"

"Sawa, bwana," alisema Barkya, meno yakigongana. Akapapasa sakafuni kwa mkono mzima akitafuta spana.

Sarubai aliiwahi, akaikanyaga.

"Inua mguu, mama Jani."

"Siinui."

"Watu wanatutazama."

"Na watazame."

"Ukishaikanyaga, tutakula nini? Eh? Niambie, tutakula nini?"

Sarubai alitazama mlima uliofichwa na mvua. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia wa mumewe.

"Sijui tutakula nini," alisema. "Nataka tuondoke hapa leo. Hilo tu ndilo nilitaka, tangu siku ile ya Kalu. Nataka tuondoke ukiwa hai."