Damu ya Ta Projestus Ipimwe Upya

"Siweki sahihi kwenye majibu haya," alisema Kokwijuka.

Daktari Aristides, mkuu wa kitengo, alimtazama juu ya miwani. Kubishiwa na wagonjwa alikuwa amezoea. Kubishiwa na mtu aliyemwajiri mwenyewe, hapana.

"Sijakuomba maoni. Picha imeonyesha dawa haimsaidii yule mzee. Tunaisimamisha, anarudi kwao Kimwani akapumzike."

"Akapumzike! Sema akafe, daktari, tusidanganyane."

Mlango ulikuwa wazi na korido nzima ilisikia. Ukiuliza kule Kahororo alikokulia Kokwijuka, watakuambia binti huyo alikuwa mbishi wa kukera tangu darasa la kwanza. Lakini mbishi huyo alisomea fizikia ya tiba mpaka ikamwingia damuni, na wenzake walipong'ang'ania Dar yeye akarudi Bukoba, akakabidhiwa ile mashine ya PET iliyoletwa hospitalini kwa ajili ya utafiti. Aliipenda kweli, na mtu akiisingizia alikasirika.

Kazi yenyewe haina uchawi. Mgonjwa anachomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Uvimbe wa saratani una uroho wa sukari, kwa hiyo mashine inapiga picha mfululizo, ikitazama unavyokula. Sasa, huwezi kumwita mtu mroho kabla hujajua amepakuliwa kiasi gani. Ndiyo maana, picha zikiendelea, muuguzi anavuta damu kidogo kidogo mkononi mwa mgonjwa, inapimwa ina sukari kiasi gani. Ukiharibu hapo kwenye damu umeharibu kila kitu. Ukisema damu ilikuwa na sukari kidogo kuliko ilivyokuwa kweli, uvimbe utaonekana mlafi kupita kiasi, na dawa inayofanya kazi vizuri kabisa itaonekana takataka.

Na damu ya mzee yule, aliyeitwa Ta Projestus kwa heshima ya Kihaya, ilikuwa imeharibiwa mahali fulani. Kokwijuka aliligundua hilo kwa kulinganisha tu. Kwenye picha, sukari ilipoingia, moyo wa mzee, uliojaa damu hiyohiyo, uliwaka kweli kweli. Kwenye vichupa vya damu, hesabu ilipanda kivivu na kuishia chini. Mwili ni uleule, damu ni ileile! Kati ya picha na vichupa, mmoja alikuwa anadanganya.

"Basi achana na vichupa," alisema daktari. "Wenzetu ng'ambo wana wastani wao wa sukari ya damu, wameupata kwa wagonjwa wengi. Tumia huo."

"Hao wagonjwa wao wamewahi kulala Kimwani? Malaria imewanyonya damu kila masika? Mimi nataka damu ya mzee huyu, siyo ya Mzungu nisiyemjua!"

Akatoka na kuubamiza mlango, tena kwa makusudi.

Kwenye benchi la nje walikaa Ta Projestus Mushumbusi na mkewe, Ma Magdalena. Mama alikuwa ameinamia kanga yake analia, na mzee alikuwa ameukaza uso.

"Wamekwisha kuwaambia?" Kokwijuka aliuliza.

"Sisi? Thubutu!" alisema Magdalena. "Waliambiwa wanaume wa ukoo kwanza. Daktari alimpigia simu Ayubu, mdogo wake huyu. Mimi nimepigiwa na jirani. Ananiambia, mae, shemeji zako wako kwenye kibanja chako wanafunga kamba migombani. Wanagawana! Mume wangu yuko hai, waitu, jamani, anapumua hapa, wao wanagawana!"

Walikuwa na mabinti watupu, wote wameolewa. Kokwijuka ni Mhaya, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Siku mzee akifumba macho, shemeji wangekuja na maneno yao matamu, na mama huyu angeambiwa akatafute pa kukaa kwa mabinti zake. Kibanja alichokilima maisha yake yote, migomba, mibuni, nyumba, vyote vingekwenda kwa sababu ya hesabu ya vichupa. Kokwijuka akaenda moja kwa moja kumtafuta Klaudia.

Klaudia ni muuguzi wa kutoka Kashozi, mpole, mwenye mikono inayopata mshipa mara moja hata kwa mgonjwa aliyekauka. Ndiye aliyevuta damu safari hii. Ile picha ya kwanza, kabla dawa haijaanza, alivuta mwingine.

"Hebu nionyeshe ulivyofanya. Usiruke kitu."

Klaudia akachukua mrija na bomba la sindano, akaonyesha. Kila baada ya kuvuta, unasukuma maji ya chumvi ili damu isigande ndani ya mrija. Ukija kuvuta tena, kinachotangulia ni yale maji yaliyochanganyika na damu. Hayo unayatoa na kuyaweka kando, halafu ndipo unavuta damu ya kupima. Klaudia alivuta na kujaza kichupa papo hapo.

"Ya kwanza hukuitoa?"

Klaudia akaanza kuukunja mrija.

"Klaudia!"

"Nilimwahidi mama," alisema kwa sauti ndogo. "Ile siku ya kwanza aliona damu ya mumewe inatupwa kwenye ndoo pamoja na pamba chafu. Alilia, dada. Anauliza, nani atakuja kuiokota, ataipeleka wapi? Na wewe unajua kwetu damu ya mtu haiachwi hovyo. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Nikamwambia safari hii haitatupwa hata tone. Nilidhani maji kidogo hayana neno."

"Hayana neno! Umemtilia mzee maji kwenye kila kichupa! Unataka kumzika kwa huruma?"

Klaudia akaanza kulia, na Kokwijuka akajuta papo hapo. Akamshika bega. Kosa lilikuwa la huruma, na katika jengo lile huruma haikuwa imezidi kiasi hicho. Wakakaa wawili hao, wakafikiri, na jibu lilipokuja lilikuwa jepesi mpaka likawaudhi. Waliweka koki kwenye mrija, na bomba la pili pembeni. Damu ya kwanza ingeingia kwenye bomba la pembeni, isiguse hewa wala ndoo. Kichupa kikijazwa damu safi, ile ya pembeni inarudishwa mshipani ilikotoka.

Kokwijuka alimwita Magdalena aone.

"Inarudi kwake?"

"Inarudi kwake, mama, mbele ya macho yako. Na ya kwenye vichupa, ikishapimwa, utasimama hapa uione inavyoteketezwa. Hakuna wa kuiokota."

Magdalena aliitazama ile koki kwa muda. "Mngefanya hivi tangu mwanzo," alisema, "nisingelia."

Daktari Aristides hakutaka kusikia. Sukari ile inakuja kwa ndege, nguvu yake inaisha upesi, haiagizwi kwa sababu ya ubishi wa mtu mmoja.

"Basi nifukuze," alisema Kokwijuka. "Lakini mpaka hapo mimi ndiye ninayethibitisha vipimo vya mashine ile, na sithibitishi uongo. Si wa leo, si wa kesho. Tafuta mwingine wa kukudanganyia."

Ta Projestus alikuwa amesogea mlangoni, ameshikilia fremu kwa mikono miwili.

"Daktari, kwa hesabu yako ndugu zangu wananigawana. Mimi sitoki hapa. Mkinitoa kwa nguvu nitalala getini, wapita njia waulize kulikoni. Nihesabu tena."

Daktari alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akavuta simu akaagiza.

Siku ya kipimo Klaudia alivuta damu huku Magdalena akisimamia kila tone kama mkaguzi. Safari hii vichupa na moyo kwenye picha vilisema jambo moja. Kokwijuka alipiga hesabu, akairudia, akaipiga tena kwa njia nyingine, kisha akacheka peke yake kwa sauti. Uroho wa ule uvimbe ulikuwa umeporomoka. Dawa ilikuwa inafanya kazi tangu mwanzo.

"Safi sana," alisema daktari, amechangamka ghafla. "Mzee aendelee na dawa. Nitampigia Ayubu."

"Hapana," alisema Ta Projestus. "Kifo changu ulikitangaza kwa simu. Uzima wangu utakwenda kuutangaza kwa miguu yako."

Kokwijuka alikuwa ameshafungua mlango wa gari.

Kule Kimwani kamba zilikuwa zimetambaa kutoka mgomba hadi mgomba, zimevuka mpaka kwenye mibuni. Ayubu na wenzake walisimama uani wameduwaa, kwa sababu ndugu yao aliteremka mwenyewe garini bila kushikwa mkono. Daktari Aristides akakohoa.

"Tulikosea," alisema. "Damu tuliipima vibaya. Ndugu yenu anaendelea vizuri, dawa inamsaidia."

Kijana mmoja wa Ayubu, ili aonekane mwema, akachomoa panga akate kamba iliyokuwa karibu.

"Weka panga chini!" alifoka Magdalena. "Kamba nzuri hii, nitafungia mbuzi. Ayubu, uliifunga kwa mikono yako. Ifungue."

Ayubu aliwatazama wenzake, nao wakatazama chini. Akapiga magoti kwenye mgomba wa kwanza, akaanza kufungua.