Kopo la Risasi Zilizokataliwa

Tulikuwa tumeshapita kanisa na kiwanda cha mbao, matope ya Aprili yakiruka hadi kwenye kioo, Verna Shimko alipogeuza shingo kutazama nyuma ya kiti.

"Orrin, nini kinalia huko?"

"Kopo la kahawa."

"Kahawa hailii kama misumari."

Ikabidi nikiri. Ndani ya kopo mlikuwa na risasi alizozikataa majira yote ya baridi, mia moja na ushee. Nilizibeba nikapigie makopo matupu mashindano ya shabaha ya Marlow yakiisha.

"Mimi nazitoa kwa sababu hazifai, wewe unazipandisha gari," alisema. "Watu wa Marlow wakiziona watasema ndizo ninazotumia."

"Nirudi?"

"Wewe endesha, tumechelewa. Ila kopo lisishuke humu."

Verna alikuwa mjane wa miaka sitini na mitatu, aliyewapikia watoto wa shule ya msingi mpaka akastaafu. Mimi nilikuwa mpangaji wake wa chumba cha juu. Nimeizunguka nchi hii nikifunga mabomba na kupasua mbao, na hapo kwake Pennsylvania nilifika kukaa wiki mbili. Ulikuwa mwaka wa nne.

Timu ya shabaha ya klabu yetu ilikuwa na watu wanne, na nafasi ya nne ilikuwa ya mumewe, Andy. Andy alipokufa, Verna alichukua bunduki yake na nafasi yake, akadumu nazo miaka kumi na minane. Mtu akimuuliza habari za Andy hasemi mengi. Hushika bunduki akaenda kupiga shabaha.

Sasa nafasi hiyo ilikuwa mashakani. Kapteni wetu, Galen Stutzman, fundi wa matanuri ya kupasha nyumba joto, mtu mwema mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alimwambia mbele ya watu wote kwenye karamu ya samaki ya Ijumaa, ukumbi wa zimamoto: "Verna, nakuheshimu kama dada yangu. Lakini ukienda Marlow na hizo risasi za jogoo, ukapata chini ya mia tatu tisini, nafasi yako nampa mpwa wangu Dale."

Risasi ni arobaini. Kila inayogusa kiini ni alama kumi. Mia nne ndio mwisho wa hesabu, na mia tatu tisini si mchezo.

"Na nikipata?" Verna akauliza, huku anamenya ngozi ya samaki.

"Ukipata nitaila hiyo pakiti na jogoo wake."

Risasi zenyewe zilitoka Ufilipino, pakiti ina picha ya jogoo mwekundu, na duka la vyuma la mjini kwetu liliziuza kwa robo ya bei ya zile za Kijerumani walizopiga wenzake. Zilikuwa na nta nzito, zikinuka kama mshumaa uliozimwa. Galen alikuwa amezijaribu. Alimaliza kupiga za Kijerumani, akatia tano za jogoo, zikatawanyika kama kuku walioona mwewe. Akatoa hukumu hapo hapo: "Hizi ni za kufukuzia kunguru."

Verna hakubishana naye. Alinunua pakiti za mikupuo mitatu tofauti ya kiwanda, yaani awamu tatu za kutengeneza, kwa maana namba ya mkupuo imegongwa ubavuni mwa kila pakiti, na kila Jumanne akaenda uwanjani theluji ikiwa magotini. Mimi nilikaa kwenye darubini nikimtajia matundu. Alikuwa na daftari la shule lenye orodha za chakula cha watoto, na nyuma ya "Jumatatu: makaroni" aliandika kila risasi ilipoangukia.

"Bunduki ni kama mtoto anayechagua chakula," aliniambia. "Usimuulize anapenda nini. Mpe kijiko kimoja kimoja, mtazame uso."

Mwezi wa pili akagundua mambo mawili. Kwanza, mkupuo wa 409 bunduki yake iliutema, ila wa 417 iliupenda mno. Pili, ndilo Galen hakulijua, risasi zile hazikutulia mpaka zipigwe kama arobaini na nta yake ipake mtutu ndani. Kabla ya hapo ni fujo tupu. Baada ya hapo, tundu juu ya tundu. Galen alizihukumu kwa tano, tena juu ya nta ya Kijerumani!

Basi akanunua 417 zote zilizobaki dukani. Akakaa mezani jikoni na kipimo kidogo cha chuma, akapima unene wa kitako cha kila risasi. Zilizolingana aliziweka kando, nene na nyembamba akazitupa kwenye kopo. Kwa siku hiyo ya Marlow alichagua sitini tu, akazipanga kwenye kibao chenye matundu kama trei ya mayai: kumi za kujaribia, arobaini za mashindano, kumi za akiba. Na tangu wiki ya kwanza ya Machi mtutu wake haukuguswa na tambara.

Tulipofika Marlow, watu walikuwa wamejaa. Ni mashindano ya kila mwaka kabla ya Pasaka, na zawadi ni paja la nguruwe lililofukizwa, kubwa kama mtoto wa miaka miwili. Marlow walikuwa wamelibeba miaka kumi na tisa mfululizo.

Galen alitangulia na gari lake akiwa na bunduki zote nne, kwani kapteni ndiye hupima uzito wa vifyatulio kabla ya mashindano. Alimkabidhi Verna yake kwa mikono miwili, uso umejaa furaha.

"Nimekufanyia jambo," alisema. "Tumekoromeana sana juu ya hizo risasi, nikaona vibaya. Chungulia humo ndani."

Verna akafungua komeo, akachungulia mtutu.

"Ulikuwa mchafu kama bomba la moshi, mama wee!" Galen akaendelea. "Nimeusugua kwa dawa saa nzima. Sasa unaweza kujitazamia humo ukachana nywele."

Wahenga walisema tenda wema uende zako. Galen alitenda wema, lakini hakwenda zake, alisimama pale anangoja shukrani.

"Asante, Galen," Verna akasema polepole. Kisha akanishika kiwiko, akanivuta pembeni.

"Kanifulia mtutu. Ninazo sitini tu, Orrin. Nikichoma arobaini kuupaka nta, nitashindana na nini?"

"Ukianza hivi hivi?"

"Fujo mpaka risasi ya arobaini. Hiyo nafasi ya Andy imekwenda."

Nilimtazama, naye akanitazama. Sijui nani aliwaza kwanza.

"Kopo," nikasema.

"Kimbia!"

Nina miaka sabini na moja na goti moja baya, lakini siku ile nilikimbia. Nilirudi na kopo linalia kama ngoma, mwamuzi ameshatangaza dakika kumi na tano za kujaribia. Verna alikuwa kifudifudi kwenye mkeka, koti la ngozi limefungwa, mkanda umekaza mkono wa kushoto. Nikamimina takataka zake kwenye kitambaa kando yake.

Akaanza. Hakulenga kwa kusitasita. Tia, funga, piga, fungua. Tia, funga, piga, fungua. Kupitia darubini niliona karatasi ya majaribio ikitoboka ovyo: moja upande wa kulia, moja juu kabisa, moja nje ya duara zote.

Nyuma yetu, jamaa wa Marlow mwenye kofia ya manyoya akasema kwa sauti, "Jamani, bibi anashona au anapiga shabaha?"

"Anamwaga mbegu," mwenzake akajibu. "Kesho hapo tutavuna mahindi!"

Watu wakacheka. Galen, kwenye mkeka wa pili, alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Verna," akanong'ona, "ninazo za Kijerumani mfukoni. Chukua. Nakuomba."

"Lala kwako, Galen."

Nilikuwa nahesabu. Ishirini. Thelathini. Ilipofika thelathini na tano nikaona matundu yanaanza kukaribiana, kama watu wanaosogelea moto. Arobaini. Arobaini na tano.

"Dakika mbili!" mwamuzi akaita.

Verna akasukuma kitambaa pembeni, akachukua risasi tano kutoka kwenye kibao, akapumua. Akapiga tano. Nilitazama kwenye darubini, nikafuta kioo, nikatazama tena. Kulikuwa na tundu moja jipya katikati ya kiini, limechanika kidogo pembeni.

"Ngapi?" akauliza.

"Zote tano. Zimelala kitanda kimoja."

Hakutabasamu. Akageuza kidude cha kulengea cha bunduki kidogo upande wa kulia kwa ajili ya upepo, akangoja amri.

Mashindano yalipoanza alikuwa mtu mwingine. Kila baada ya risasi alitazama kibendera cha upepo, akangoja kilegee, ndipo anapiga. Kumi. Kumi. Kumi. Kwenye ya kumi na nne upepo ulimdanganya, akapata tisa. Kisha kumi tena, mfululizo, mpaka yule mwenye kofia ya manyoya akaacha maneno na kuazima darubini ya jirani.

Risasi ya thelathini na nane iligoma. Tuk, basi. Nikasikia Galen akiguna kama mtu aliyekanyagwa. Verna akainua mkono kama sheria inavyotaka, bunduki imeelekea shabaha, akahesabu nusu dakika bila kutikisika. Akaitoa ile iliyogoma, akachukua moja ya akiba, akaipiga. Kumi. Iliyofuata ilikuwa tisa. Ya mwisho ilikuwa kumi, katikati kabisa, kama msumari wa kutundikia kalenda.

Mwamuzi alihesabu karatasi zake mara tatu. Galen mia tatu tisini na nne. Wenzetu wawili wa timu, mia tatu tisini na moja na mia tatu themanini na tisa. Verna Shimko, mia tatu tisini na nane. Jumla yetu elfu moja mia tano sabini na mbili. Marlow, elfu moja mia tano na sabini.

Kelele iliyotoka hapo ilirusha kunguru wote wa bonde lile. Galen alimwinua Verna juu, koti la ngozi na yote, akamzungusha.

"Nishushe, we mpumbavu! Mgongo wangu!"

"Alama mbili! Miaka kumi na tisa, Verna, alama mbili!"

"Nishushe ule pakiti yako."

Akamshusha. Verna akatoa pakiti tupu mfukoni, akaikunjua. Galen akachana kipande chenye kichwa cha jogoo, akakitia mdomoni mbele ya Marlow nzima, akatafuna, akameza kwa kahawa.

"Inakosa chumvi," akasema.

Verna alilibeba paja mwenyewe mpaka garini, amelikumbatia kifuani, hataki kusaidiwa. Aliliweka kwenye kiti cha katikati, akalifunga mkanda. Kisha akaniomba nimpe lile kopo, akalipakata njia nzima.

Paja tulilila Pasaka, na Galen alikuja na mkewe na pierogi, maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani. Verna alishika nafasi ya nne miaka sita zaidi, akafariki mwezi wa Februari kwa ugonjwa wa moyo. Bunduki ya Andy anayo Dale, aliyepata nafasi hiyo baada yake, na Galen amemkataza kuisafisha. Galen ameacha matanuri, anaishi kwa binti yake Florida. Marlow walilitwaa tena paja mwaka uliofuata ushindi wetu. Uwanja wao umeuzwa, sasa ni maegesho ya malori. Duka la vyuma limefungwa. Mimi niliondoka mwezi wa tano baada ya mazishi, nikaenda Nebraska kufunga mabomba. Kopo ninalo. Nalitilia kahawa.