Kifungu cha Nne cha Katibu

Tangu nianze masomo ya jioni, nikiwa na miaka hamsini na mbili, nimekuwa mtu wa kukimbiwa. Si kwa sababu najua mengi, bali kwa sababu nayasema yote. Jumanne mwalimu alitufundisha kuandika muhtasari wa kikao. Alhamisi kamati ya josho la ng'ombe hapa Nyamuswa ikaniteua kuwa katibu. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu. Baadaye nikasikia kwamba hakuna mwingine aliyekuja na kalamu.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumpata mtu wa kuchanganya dawa. Aliyekuwepo alihamia Musoma, ng'ombe wakakaa wiki tano bila kuogeshwa. Ndama wangu wawili walishakufa kwa ndigana, ugonjwa wa kupe.

Nikaandika sifa za mwombaji. Tatu za kwanza zilikuwa za kawaida, ajue kusoma na kadhalika. Ya nne niliiombea siku tatu kwa kufunga: "Asiwe amewahi kufanya kazi kwa kampuni ya uwindaji." Kampuni hiyo ilikuwa inakamata ng'ombe wetu wakivuka mpaka wa kitalu chake cha kuwindia, na wengine hawakurudi. Niliamini kifungu kile kimeshuka kutoka juu. Leo nadhani kilitokana na njaa.

Walikuja waombaji wawili. Gody, kijana wa kwaya yetu, aliulizwa ng'ombe wakifika joshoni ataanzaje.

"Nitawaingiza haraka, foleni isiwe ndefu."

Nikampa alama tisa kwa kumi. Anaimba besi vizuri sana.

Wa pili alikuwa Bhoke, mjane kutoka Butiama. Swali lilikuwa lilelile.

"Wapumzike kwanza, wanywe maji washibe," akasema. "Ng'ombe mwenye kiu akiingia joshoni anainywa dawa, na jioni mnamchuna."

Mzee Magesa, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote, akaacha kusinzia. "Huyu anajua! Umejifunzia wapi, mwanangu?"

"Kwa kampuni ya uwindaji, baba. Miaka minne. Nilikuwa naogesha ng'ombe waliokamatwa."

Nikainua karatasi yangu. "Kifungu cha nne kinasema..."

"Nimekisoma pale ubaoni," Bhoke akasema. "Nimekuja tu, maana nina watoto watatu na hii ndiyo kazi ninayoijua. Sikumkamata ng'ombe wa mtu. Niliwakuta wamefungwa, nikawatoa kupe."

"Hata hivyo ulikula mshahara wao!" nikasema kwa sauti ya mhubiri.

Mama Adventina, mwenyekiti wetu, akamgeukia. "Binti, kuna watu wa hapa uliofanya nao kazi huko?"

Bhoke akanitazama, na hapo ndipo nilipomtambua. Mwaka ule wa ukame nilikuwa nafyeka nyasi za barabara ya kampuni ileile, na yeye alikuwa akituletea maji ya kunywa. Sikuwahi kuihesabu kuwa kazi. Kazi ina barua ya ajira. Kile kilikuwa kibarua, na kibarua hakimchafui mtu. Ndivyo nilivyomweleza Mungu wakati ule, na kwa kuwa hakujibu, nikachukulia amekubali.

"Kila mtu atajisemea mwenyewe, mama," Bhoke akajibu.

Angelitaja jina langu, angejiokoa. Hakulitaja. Mama Adventina akachukua kalamu alikate jina lake. Nikaomba kimoyomoyo umeme ukatike. Ilikuwa saa nne asubuhi, na banda la josho halijawahi kuwa na taa.

"Mwenyekiti," nikasema, na sauti ya mhubiri ikawa imeniacha, "mimi pia nilifyeka kule. Kibarua tu. Miezi mitatu."

"Tunajua," Mzee Magesa akasema. "Si ulikuwaga unapita kwangu na buti zao? Mimi nilidhani kifungu umekiweka ili utubu hadharani."

Wakacheka mpaka Gody, aliyekuwa nje, akachungulia dirishani.

"Sasa Katibu," Mama Adventina akasema akijifuta machozi, "kifungu chako kinafukuza watu wawili. Tufute kifungu au tumfute katibu?"

"Ningependa kwanza kusikia maoni ya wajumbe..."

"Mfute katibu, kalamu ibaki!" akadakia Mzee Magesa.

Kura zikapigwa. Kifungu kikafutwa, nami nikanusurika kwa kura moja, ambayo ilikuwa yangu. Bhoke hakupingwa na mtu. Ataanza kazi Jumatatu.

"Andika," Mama Adventina akaniambia. "Na uandike kama ilivyosemwa."

Mwalimu wetu anasema muhtasari haupambwi. Nikaandika kwamba katibu amekiri kufyeka kwa kampuni miezi mitatu. Bhoke, aliyekuja kutia sahihi, akainama akasoma mstari ule.

"Baba," akaninong'oneza, "ilikuwa mitano."

Nikakata, nikaandika mitano.