Nukta Kwenye Zizi la Malale

Saa moja asubuhi Mabula alifungua simu ya kazi, akaiona nukta ya simba jike imekaa mahali ambapo simba hawezi kukaa akiwa mzima. Ilikuwa ndani ya zizi la Malale, mdogo wake, tumbo moja baba mmoja.

Akaizima simu, akaiwasha tena. Nukta haikusogea.

"Mke mwenzangu kaamkaje?" Nyanzala, mkewe, alimtania huku akipepeta mchele. Alimwita simba huyo mke mwenza tangu siku ya kwanza, kwa sababu Mabula alimjulia hali asubuhi na jioni, wakati yeye angeweza kuumwa jino wiki nzima asiulizwe.

"Kafa," Mabula alisema.

Ungo ukatulia mikononi mwa Nyanzala.

Ilikuwa miezi tisa tangu Faudhia, mtafiti wa simba mwenye ofisi Mpanda mjini, amchome simba huyo sindano ya usingizi na kumvisha kola shingoni. Upande wote wa Kasekese hakuna simba aliyewahi kuvishwa kitu kama hicho. Mabula ndiye aliyemshikia kichwa wakati wa kuvishwa, akasikia pumzi yake ya moto mkononi. Shule aliiachia darasa la nne. Habari za setilaiti alizisikia redioni, akaona ni mambo ya watu wengine. Faudhia akamweleza kwa maneno mepesi: kila baada ya saa nne kola inaita, na kule juu, juu kuliko ndege, kuna chombo kinachozunguka dunia, kinasikia na kuleta habari chini mpaka kwenye simu.

"Yaani simba wa kwetu anaongea na kitu kilichopita mawingu?"

"Anaongea kila siku, baba."

Mabula alikaa chini kwanza. Maisha yake yote alimjua simba kwa nyayo na kwa ng'ombe aliyeliwa. Sasa aliona jinsi mnyama yule alivyovuka mto, akakatiza mashamba ya mpunga, akapita nyuma ya nyumba za watu waliolala, asiguse hata mbuzi, kisha akarudi zake hifadhini. Watu walikuwa wakiishi naye na hawajui. Kazi hii aliipenda kuliko alivyopenda kusema.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwaonya wafugaji, na ilikuwa na sharti moja. Unamwambia mtu asichungie wapi. Humwambii simba kalala wapi.

Kwa watu wote Mabula alilishika sharti hilo. Kwa Malale hakulishika, maana nani anampimia ndugu yake maneno kwa kibaba? Jana yake jioni alimpigia simu. "Malale, simba yupo bondeni, pale kwenye mawe mawili. Kashiba, hatoki hapo hadi kesho. Ng'ombe pitisha juu."

"Asante kaka," Malale alimjibu. "Mungu akuweke."

Sasa Mabula aliirudisha ramani nyuma. Saa nne usiku, mawe mawili. Saa nane usiku, mawe mawili. Saa kumi na mbili alfajiri, zizini kwa Malale. Onyo lake ndilo lililokuwa ramani ya muuaji.

Saa tano ngoma ikasikika njiani.

Kwa Wasukuma, anayeua simba aliyevamia ng'ombe ni mtu mkubwa. Anapakwa dawa, anavaa njuga, anacheza mji kwa mji, na ndugu na majirani wanampa ng'ombe kwa kuwa kawakinga wote. Kaka yake ndiye wa kwanza kutoa. Lakini aliyemfuata simba aliyelala zake, mila haina zawadi yake. Huyo ni mwizi aliyevaa njuga.

Malale aliingia uani akirukaruka, uso umepakwa unga mweupe, mkuki begani. Mama yao alitangulia na vigelegele, kitenge kipya kiunoni.

"Mabula mwanangu! Tumbo langu limezaa dume! Toa fahali!"

Mabula alisimama mlangoni pa zizi lake. "Kamuulia wapi?"

"Kwangu, kaka," Malale alisema akihema. "Kaniingilia zizini alfajiri."

"Kala ng'ombe gani?"

"Hakuwahi kula. Nilimuwahi."

"Kamkwaruza yupi? Nionyeshe mmoja tu mwenye alama ya ukucha."

Mpiga ngoma akapunguza mkono.

"Saa nane usiku simba wako alikuwa bondeni, kwenye mawe mawili," Mabula aliendelea. "Alfajiri yuko kwako. Simba aliyeshiba hatoki alipolala. Alikuja na bodaboda?"

Mtu akacheka nyuma. Kijana mmoja mwenye pikipiki akajisogeza pembeni taratibu.

"Ulimwona wewe?" mama aliuliza.

"Kola ilimwona, mama."

"Kola ni ndugu yako?"

Watu wakaguna. Malale akachoma mkuki ardhini. "Haya, waambie na aliyenielekeza kwenye mawe mawili. Nyie wote sikieni! Kaka yangu mwenyewe alinipigia. Mtu anakuambia simba kashiba, kalala, yuko hapa. Anataka ufanye nini?"

"Nilikuambia upitishe ng'ombe juu!"

"Na nikapitisha," Malale alisema, akitabasamu. "Ng'ombe wote wazima."

Ni tabasamu lile lililomuumiza Mabula. Alikuwa amelijua tangu Malale ana meno mawili, na leo ndiyo aliliona lilivyo.

"Mpe mdogo wako ng'ombe," mama alisema polepole. "Usipompa, kwenye mazishi yangu usije."

Mabula akafungua mdomo, na simu ikalia. Alikuwa Faudhia. Sauti yake ilisikika uani kote, simu yenyewe haikujua kunong'ona.

"Baba, naona nukta iko ndani ya zizi la mtu. Ni zizi la nani? Na nani kamwambia mwenye zizi simba alipo?"

Mama alimtazama. Malale aliacha kutabasamu. Mabula angeweza kusema mtandao unasumbua. Ungeweza kusumbua siku nzima.

"Zizi ni la mdogo wangu, Malale," alisema. "Aliyemwambia ni mimi."



"Wewe?" Faudhia aliuliza. Hakumwita baba.

"Mimi."

"Nakuja na askari wa wanyamapori."

Mama alivua kitenge kile kipya, akabaki na khanga yake ya ndani, akakiacha pale chini mbele ya Mabula. Akaondoka. Watu wakamfuata, Malale katikati yao akitembea haraka, na hakuna aliyepiga ngoma.

Nyanzala akaja akasimama karibu na mumewe. "Watakuuliza Malale alikoelekea."

"Hawana haja ya kuuliza," Mabula alisema. "Nitawapeleka mwenyewe."