Aliyekaa Kiti cha Fundi

Ijumaa alasiri fundi plasta aliosha mwiko wake bombani, akaufunga ndani ya kipande cha gunia, akatoka kazini. Kwenye njia panda yeye alikata kushoto kuelekea kliniki. Kivuli chake kilikata kulia kuelekea baa. Fundi alisimama akakitazama kinavyokwenda, kimelalia bega moja kama yeye, kisha akashika njia yake. Alikuwa amechelewa.

Ukweli usemwe, kivuli kilimzidi mwenyewe akili. Nyapara aligawa kazi za wiki pale baa, saa ileile ambayo wanaume wa tiba ya pombe walikutana kliniki. Alitazama viti tu na kunyoosha kidole: wewe dari, wewe ukuta wa nyuma. Akiona kiti kitupu alisema, "Asiyekuwepo na lake halipo," akaagiza chupa nyingine. Fundi alikwisha kuanza tiba mara mbili, na mara zote mbili akaiacha. Majirani walisema kiu imemshinda. Kilichomshinda ni sufuria tupu jikoni.

Jumatatu nyapara alimpiga bega. "Ijumaa ulikunywa kama mchanga mkavu, bwana! Ukuta wa mashariki ni wako."

Basi ikawa hivyo. Mikono ya fundi ikaacha kutetemeka, plasta yake ikanyooka, akarudi kula kama watu. Kliniki walikaa barazani, juani, kwa kuwa chumbani kulikuwa na joto. Muuguzi alitupa jicho sakafuni, akaona wengine wana vivuli na wengine hawana.

"Wenye vivuli huwa hawamalizi," alimwambia fundi, akampa vidonge vyake.

Kivuli kilirudi nyumbani jua likizama, kikijigonga ukutani, kikiukosa mlango. Mke wa fundi alikitandikia mkeka karibu na dirisha na kukiwekea beseni. Kazi hiyo aliijua. Miaka mingi alikuwa ameifanya kwa mwenyewe. Usiku kilikoroma kwa sauti ya fundi, naye fundi akilala kimya kitandani, macho wazi. Baadaye tumbo la kivuli likavimba, kingo zake zikageuka manjano. Fundi alikionea huruma, tena alikionea haya, kwa sababu alijua kinakufa kifo chake.

Kilikufa siku ya Alhamisi. Walikikunja ndani ya shuka, wakakizika nyuma ya nyumba. Hakikuwa na uzito wowote, ila shuka ilinuka pombe.

Kesho yake mchana fundi alikuja kula, akabaki ameketi kizingitini, viatu mkononi.

"Nisipoonekana baa leo, Jumatatu sina kazi," alisema.

"Na ukionekana?"

Fundi alikung'uta vumbi la saruji kwenye kiatu kimoja. Wote wawili walijua kwamba glasi moja ingemrudisha alikotoka, na safari hii asingetoka tena.

"Vaa viatu, baba watoto," mkewe alisema. "Alasiri nitakungoja njia panda."

Alasiri walikutana pale. Fundi akakata kushoto. Alipogeuka aliona mkewe amesimama palepale, mikono kifuani, na kivuli chake kinakata kulia peke yake. Kilikuwa kivuli kidogo, kilichojifunga vizuri kiunoni, ambacho tangu kuzaliwa hakikuwahi kuonja hata povu. Fundi alitaka kukiita. Kisha akageuka, akaenda kliniki.

Aliporudi jioni mkeka ulikuwa umeshatandikwa dirishani, na beseni pembeni. Mkewe alikuwa anachambua mchele.

"Bado hakijarudi," alisema, bila kuinua kichwa.

Jumatatu nyapara alimtazama fundi juu mpaka chini.

"Ijumaa ulikuwa na nini wewe? Umekonda, umekaa kimya, unashika glasi kwa mikono miwili kama mgeni. Nusura utapike." Akacheka, akampiga bega. "Lakini ulikuwepo. Chukua ukuta wa ngazi. Utazoea."

Fundi akasema asante, akaenda kukoroga saruji.