Karamu ya Panya Weupe

Panya alikaa katikati ya jukwaa, akajilamba mikono, akajipangusa uso, akatulia tuli kama bwana harusi aliyekwisha kula. Vichochoro vya mbao vilitawanyika pande zote kumzunguka, na mwisho wa baadhi yavyo pamewekwa kipande cha biskuti. Hakuwa na habari navyo.

"Nenda, baba," Ketaki, mwanafunzi mtafiti, alimbembeleza, saa ya kuhesabia ikiwa mkononi. "Nenda basi. Biskuti yako unajua ilipo."

Panya akapiga mwayo.

Nyuma yake Shevanta alikuwa ameshika kizimba kwa mikono miwili, macho ameyainamisha. Tangu asubuhi walikuwa wanamjaribu panya mmoja baada ya mwingine, na wote ni yale yale: anajilamba, anazunguka kidogo, analala. Ketaki hakuelewa. Shevanta alielewa vizuri sana, maana aliyewashibisha ni yeye.

Shevanta alikuwa mtunza wanyama katika chuo cha dawa, hapo Pune, India. Kazi yake kubadilisha maranda, kuosha chupa za maji, kupima chakula. Kila asubuhi, kabla ya kugusa kizimba chochote, aliunganisha viganja na kuwasalimia panya, na wanafunzi walimcheka weee mpaka wakachoka wenyewe. Wacheke tu. Ganapati, Bappa wetu mwenye kichwa cha tembo na tumbo kubwa, hasafiri kwa farasi wala kwa gari, hupanda panya. Sasa utampitaje mpandwa wa Mungu asubuhi bila hata salamu?

Ndiyo maana mwanzoni aliwakatalia kabisa habari ya kuwachoma panya sindano ya kuwasahaulisha. Aliyemlainisha ni Ketaki, aliyemwita Mama Mdogo kwa heshima, kwa kumweleza habari za brahmi, majani ya kutia kumbukumbu.

"Si unaijua brahmi, Mama Mdogo? Ile inayoota majimajini?"

"Niache kuijua! Mama mkwe wangu nimemnywesha mpaka kikombe kimekuwa cha kijani. Bado ananiita Kusum, jina la dada yake, marehemu."

"Kwa sababu haifiki. Ubongo una bawabu mkali mlangoni, karibu kila kitu anakirudisha. Mimi juisi ile naifunga ndani ya chembe za mafuta, ndogo hata vumbi ni mlima kwazo. Naidondoshea puani. Huko juu ya pua kuna mlango wa uani, bawabu hauangalii sana."

"Itamfikia mama lini?"

Ketaki hakuwa mtu wa kudanganya. "Mama Mdogo, nikipata ninachokitafuta, bado ni miaka. Mama hataiwahi. Labda mimi na wewe, tukizeeka."

Shevanta alilia kidogo siku ile, akiwa chumba cha maranda. Kisha akarudi kazini. Kama haikuwa ya Anusaya, mama mkwe wake, ilikuwa ya mzee mwingine katika nyumba nyingine, na ya mkwe mwingine aliyechoka kuitwa jina la marehemu.

Basi panya wakafundishwa vichochoro vyenye biskuti, wakachomwa ile sindano ya kusahau. Wengine wakatiwa puani matone ya brahmi, wengine maji ya chumvi matupu. Wakapunguziwa chakula ili njaa iwasukume kutafuta. Njaa ndiyo kila kitu katika kazi ile.

Ndipo ikaingia sikukuu ya Bappa.

Asubuhi ya jana nyumba nzima ilikuwa inanukia nazi. Shevanta alikuwa amepika modaka, zile za unga wa mchele zinazoivishwa kwa mvuke, tumboni zimejaa nazi na sukari guru. Akaziweka mbele ya sanamu ya udongo, akawasha taa, na Anusaya akaketi pembeni, macho yako mbali, kama alivyo siku zote. Mara akageuka.

"Shevanta!" alisema. Jina lenyewe, wazi, kama zamani alipokuwa akimgombeza kwa ajili ya chumvi. "Umempa Bappa peke yake? Na panya wake je? Anayembeba alale njaa?"

Shevanta nusura adondoshe sahani. Jina lake halikuwa limetoka katika kinywa kile tangu kabla ya mvua. Alipiga magoti, akamshika mama miguu, lakini Anusaya alikuwa amekwisha kuondoka tena, anaitazama taa.

Niambieni, amri kama hiyo utaikataaje? Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sikukuu, ila wanyama hawafungwi, na zamu ilikuwa yake. Alichukua modaka, akazikatakata, akampa kila panya sehemu yake na kumwomba radhi kwa sindano. Walikula kwa mikono miwili. Alirudi nyumbani moyo mweupe, hakuwaza vichochoro hata kidogo. Vichochoro alivikumbuka leo, alipomwona yule wa kwanza akipiga mwayo.

"Basi," Ketaki alisema sasa, akaiweka saa mezani. "Dawa haifanyi kazi. Profesa alishasema, wiki hii ikipita bila kitu tunafunga, nitafute jambo jingine la kusomea. Nampigia tuyamalize."

Akatoa simu.

Shevanta aliutazama mkono ule wenye simu. Akinyamaza, nani atajua? Panya hawasemi. Kazi yake itabaki, na brahmi itatupwa, na kosa litakuwa la dawa.

"Dada," alisema. "Usimpigie."

"Mama Mdogo, tafadhali, si sasa."

"Hawana njaa."

"Wana njaa. Chakula umewapunguzia wewe, kwa mkono wako."

"Na kwa mkono huu huu nimewalisha jana. Modaka."

Dirishani zikaingia ngoma za mtaani, kundi la vijana likimshangilia Bappa.

"Umewalisha nini?"

"Modaka. Lakini nilizikatakata, wasikabwe."

"Wasikabwe!" Ketaki alijishika kichwa. "Mungu wangu, kajali wasikabwe! Na mimi je? Miaka yangu yote humu ndani, natoka gizani narudi gizani, mama yangu ananiuliza nitaolewa lini, na wewe unawafanyia panya karamu!"

Akakaa juu ya kiti akalia kwa kwikwi, kama mtoto. Shevanta alisimama hapo, kizimba mkononi, anatamani ardhi ipasuke immeze. Alimweleza yote: sanamu, taa, jina lake lilivyotoka. Hakujitetea. Ketaki akasikiliza, akajifuta pua kwa mtandio.

"Uliwapa wote," akauliza polepole, "au wale waliokusogelea tu?"

"Wote, sawasawa. Sikukuu utambagua nani?"

Ketaki akamtazama yule panya aliyelala juu ya jukwaa, tumbo likipanda na kushuka. Akaanza kucheka huku bado analia.

"Kwa hiyo si dawa. Ni tumbo! Wakipata njaa tena, tunarudia."

Lakini profesa alipaswa kuambiwa, na Ketaki alimwambia ukweli mtupu, mbele ya Shevanta. Sauti ya upande wa pili haikuhitaji spika. "Mtoe kwa panya! Leo hii hii! Akaoshe chupa!"

Ikawa hivyo, ila jaribio likaruhusiwa kurudiwa. Shevanta alipewa chumba cha chini, na chupa, na brashi. Hakulalamika, lakini ilimuuma jamani. Asubuhi aliunganisha viganja mbele ya sinki, kwa mazoea, akaona ujinga, akaishusha mikono.

Siku panya walipokuwa tayari tena, Ketaki alitokea mlangoni.

"Njoo," alimnong'oneza. "Ila mikono nyuma. Na mifukoni usiwe na kitu!"

Wakasimama nyuma ya kioo. Panya wa kwanza alikuwa wa maji ya chumvi. Aliingia kichochoro kitupu, akatoka, akaingia kile kile, akatoka, maskini. Shevanta aliujua mzunguko ule. Aliuona kila siku nyumbani, kati ya jiko na mlango.

Akaletwa wa brahmi. Akasimama katikati, akainua pua. Shevanta aliuma mdomo. Panya akageuka, akashika kichochoro kimoja moja kwa moja, akala. Akarudi katikati, akakipita kile alikokwisha kula, akaenda kingine chenye biskuti.

"Mmoja si ushahidi," Ketaki alinong'ona, ameng'ata ncha ya mtandio. "Usianze kugawa peremende. Sijui hata wa pili atafanyaje."

"Najua, dada."

"Na mama..."

"Najua. Ulishaniambia."

Jioni alimkuta Anusaya kizingitini anachambua mboga ya uwatu, majani anayatupa sakafuni, vijiti anavihifadhi kwenye sufuria. Shevanta alikaa chini, akaanza kuyaokota majani, na hakuweza kujizuia. Alimweleza habari ya panya, tangu alipoinua pua.

"Alijua njia mwenyewe?" Anusaya aliuliza, macho yamemng'aa. "Bila kuelekezwa?"

"Mwenyewe, mama."

"Mwanangu mzuri yule! Mwanangu mzuri!" Akapiga makofi, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na Shevanta akacheka naye.

Wakaendelea na mboga. Baada ya kitambo Anusaya akainua kichwa.

"Wewe, mbona unatabasamu peke yako? Huko kazini kumetokea nini?"

Siku nyingine swali la kurudiwa hivi humchosha Shevanta mpaka mifupani. Leo alijifuta mikono kwenye sari, akasogea karibu zaidi.

"Mama, nikwambie?" alisema. "Leo kuna panya mmoja mweupe, kawekwa katikati ya njia nyingi..."

Anusaya akaweka kijiti chake chini, asije akapitwa na neno.